Nani Anaikata Jioni ya Lukozi?



Kila mwaka mvua za masika zikishakatika na upepo wa kusi ukishakaa sawa, maneno ya hapa Lukozi, huku juu milimani Usambara, huwa yale yale. Siku zimekuwa fupi. Jua halikai. Mtu anatoka shambani na mapema yake, hajafika hata barabarani, giza hilo. Muuza karoti anakumbuka kwamba mwezi wa pili alikuwa akimaliza mzigo na kurudi nyumbani kweupe. Mwezi wa saba anabaki na magunia yake, simu kaibana shingoni ili kurunzi lake limwangazie anapohesabu chenji. Nimeombwa nieleze kwa nini iko hivyo na tufanye nini. Nitaanza kwa kusema jambo ambalo baadhi yenu mtalikataa: Julai jua la Lukozi linachelewa kuzama kuliko Oktoba.

Msinibishie kabla hamjatazama ukutani. Karibu kila msikiti una kalenda ya swala, na kalenda ile haina hisia. Fuateni safu ya Magharibi kuanzia Januari hadi Desemba. Mtaona saa inapanda na kushuka, lakini haishuki pale mnapopatarajia. Hapa kwetu, kwa mtu aliyesimama mahali palipo wazi hadi upeo wa macho, jua huzama saa 12:50 jioni mwishoni mwa Januari. Karibu na tarehe 20 Julai huzama saa 12:30. Mwishoni mwa Oktoba huzama saa 12:18. Ukitumia kalenda iliyochapwa kwa ajili ya Tanga mjini ongeza dakika tatu hivi, maana Tanga iko mashariki yetu na jua huwaaga wao kwanza. Kwa hiyo Oktoba, wakati hakuna anayelalamika, jioni ya saa ni fupi kwa dakika zaidi ya 10 kuliko Julai, wakati kila mtu analalamika.

Urefu wenyewe wa mchana nao haubadiliki sana. Tuko nyuzi nne na nusu na kidogo kusini mwa Ikweta. Mchana mfupi kuliko yote, tarehe 21 Juni, una saa 11 na dakika 51. Mchana mrefu kuliko yote, Desemba, una saa 12 na dakika 23. Tofauti ni nusu saa na dakika mbili, tena imegawanywa kwa miezi sita. Wamisionari wa Bethel waliofika Mlalo mwaka 1891, hapo jirani tu, walitoka kwa watu wanaoijua siku fupi hasa. Bielefeld, mji wa Ujerumani ambako Bethel ipo, mchana wa Desemba haufiki saa 8, na jua linazama saa kumi na robo alasiri, wakati ambao hapa Lukozi watu ndio kwanza wanapakia Fuso. Mwenzetu wa Usambara aliyeko masomoni huko akisema siku zimekuwa fupi, mwaminini neno kwa neno. Sisi tunahitaji maelezo mengine.

Kwanza tuimalize hii habari ya saa, maana kuna jambo ndani yake litakalotufaa baadaye. Saa tunayoifuata Tanzania nzima ni ya mstari wa longitudo ya 45 mashariki. Mstari huo haupiti Dodoma wala Dar es Salaam. Haupiti kabisa katika nchi yetu. Huku Afrika, mji mkubwa ulio karibu nao ni Mogadishu. Lukozi iko kwenye nyuzi 38 na robo hivi, na kila nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo jua letu liko nyuma ya saa zetu kwa dakika 27. Wenzetu wa Kigoma wako nyuma kwa zaidi ya saa nzima, na bado wanaamka wakafika kazini, Mungu awazidishie. Juu ya hilo, Dunia haizunguki Jua kwa mwendo mmoja: mwanzoni mwa Januari iko karibu zaidi na Jua na inakwenda kasi, Julai iko mbali na inakwenda polepole. Nayo imeinama. Mambo hayo mawili yakichanganyika, adhuhuri ya kweli, pale jua linapofika juu kabisa, huhama: mwanzoni mwa Novemba ni saa 6:11 mchana, Februari ni saa 6:41. Adhuhuri ikihama inaburuta macheo na machweo pamoja nayo. Hiyo ndiyo sababu Oktoba jua linazama mapema ingawa mchana unarefuka.

Basi kama jua la Julai halina hatia, nani anaikata jioni?

Mtuhumiwa wa kwanza mnaishi naye. Ni mlima. Nikiwaambia jua linazama saa 12:30 nasema habari ya mtu aliyesimama ufukweni au tambarare ya Mkomazi. Ninyi mnakaa mabondeni, na jua lenu linazama pale linapogusa mgongo wa kilima cha upande wa magharibi. Kulipima hilo hakuhitaji chombo. Nyoosha mkono wako mbele yako sawasawa, usawa wa macho, ukunje ngumi. Ngumi ya mtu mzima kwa umbali wa mkono wake ina upana wa nyuzi 10 hivi. Jua hutembea nyuzi 15 kwa saa, na huku kwetu karibu na Ikweta hushuka karibu wima. Kwa hiyo kilima chenye kimo cha ngumi moja juu ya usawa wa macho kinakunyima dakika 40. Cha ngumi mbili kinakunyima saa nzima na zaidi. Linganisheni dakika hizo 40 na zile 32 za mwaka mzima.

Kuna la ziada, na wazee wanalijua bila kufundishwa na mtu wa jiografia. Jua halizami mahali pamoja mwaka mzima. Juni na Julai huzama kaskazini ya magharibi kwa nyuzi 20 na zaidi, yaani upana wa ngumi mbili. Desemba huzama kusini ya magharibi kwa kiasi hicho hicho. Mwenye nyumba ambaye kilima chake kirefu kiko upande wa kaskazini-magharibi, kipupwe giza humwingilia mapema kweli, na jirani yake ng'ambo ya bonde asimwelewe. Wote wawili wanasema kweli. Anayetafuta kiwanja asiende kukitazama Desemba peke yake.

Mtuhumiwa wa pili ni ukungu. Kuanzia Mei kusi linavuma kutoka Bahari ya Hindi, limebeba unyevu. Likifika kwenye kuta za Usambara halina pa kupita ila juu, na hewa ikipanda hupoa. Unyevu wake unageuka mawingu, na mawingu hayo yakilala juu ya ardhi ndiyo tunaita ukungu. Msitu wa Magamba unayanyonya, na ndiyo maana mito yetu haikauki haraka. Lakini yanatulipisha mwanga. Wataalamu hupima mwanga kwa luksi. Mchana wa jua kali, uwanjani, ni kama luksi 100,000. Chini ya wingu la kawaida ni 10,000 hivi. Ukungu mzito wenye wingu juu yake unaweza kukuachia elfu moja au mbili. Chumbani kwenye balbu ya umeme mnapata mia moja au mia mbili, na kibatari kinatoa mwanga wa kumwonyesha mtu kibatari kilipo.

Halafu uangalieni wakati wa machweo wenyewe. Ulaya jua linazama kwa kuteleza kiubavu, na mwangaza unabaki muda mrefu baada yake. Hapa linadondoka. Dakika 22 baada ya kuzama, jembe na mche wa kabichi havitofautiani. Katika dakika hizo mwanga hupungua mara kumi kwa kila dakika 10 hivi. Kwa hiyo wingu zito likila sehemu tisa katika kumi za mwanga, giza linakufikia dakika 10 kabla ya zamu yake. Weka kilima, weka ukungu, weka baridi inayomfukuza kila mtu barazani mapema na kufunga madirisha, na unapata jioni ya Lukozi ya Julai: saa inasema kumi na moja na nusu, barabara inasema usiku. Walalamikaji hawakukosea, walimshtaki tu jua badala ya majirani.

Mnaweza kusema sawa, mwalimu, umetueleza, na giza liko pale pale. Kweli. Ila kujua anayekata mwanga kunatuonyesha mahali anapoukata zaidi, nami nadhani tumeangalia upande usio wake. Mwezi wa saba na wa nane hasara kubwa iko asubuhi.

Rudini kwenye kalenda, safari hii tazameni safu ya macheo. Mwanzoni mwa Novemba jua huchomoza saa 12:02 asubuhi. Julai huchomoza saa 12:37. Hapo ndipo Mogadishu inapotudai. Mwanga wa kwanza wa kumwezesha mtoto kuona jiwe njiani unakuja dakika 22 kabla ya macheo, yaani saa 12:15, na hiyo ni kama hakuna ukungu. Sasa chukueni mwanafunzi wa sekondari anayetembea saa nzima, na shule yake inataka awahi namba saa moja kasorobo. Novemba anaondoka nyumbani alfajiri inafunguka. Julai, kwa saa ile ile, anaondoka gizani kabisa, anapita kwenye njia ya utelezi katikati ya mibono na mahindi, na nusu ya safari hamwoni mwenzake aliye mbele. Wasichana wanasubiriana njia panda ili waende kundi. Bodaboda anayepanda na kabichi hawaoni hadi yuko juu yao. Kisha mwanafunzi anafika amelowa, anachapwa au anafagia uwanja kwa kuchelewa dakika tano.

Likizo ya Juni inatuokoa kwa wiki kadhaa zilizo mbaya. Shukrani kwa aliyeipanga, hata kama hakuwa akitufikiria sisi. Lakini shule zinafunguliwa Julai, na Julai ndipo macheo yanapochelewa kuliko wakati wote wa mwaka. Naamini kamati za shule za huku juu zina sababu ya kukaa na walimu wakuu na kuomba namba isogezwe nusu saa kuanzia ufunguzi wa Julai hadi mwisho wa Agosti. Saa ya kutoka isogee pia, maana jioni ya Julai inayo nafasi hiyo, mradi mtoto wa bondeni asibakishwe kwa masomo ya ziada.

Kuna upande wa moyo na mwili. Mwaka 1984 daktari wa akili wa Marekani, Norman Rosenthal, na wenzake walichapisha maelezo ya watu ambao kila majira ya siku fupi yakiingia huzama katika huzuni: wanalala sana, wanakula sana vyakula vya wanga, hawana hamu ya kazi wala watu, na majira yakigeuka wanapona. Tiba waliyoijaribu ni mwanga. Leo kipimo kinachotumika sana ni taa ya luksi 10,000, mtu akikaa mbele yake nusu saa kila asubuhi. Ndugu zetu walioko Oslo au Stockholm wananunua taa hizo, na madaktari wa huko huwakumbusha pia vitamini D, kwa kuwa ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuitengeneza.

Sitasema Lukozi ina ugonjwa ule. Mchana wetu ni saa 11 na dakika 51, na ugonjwa wa Rosenthal ni wa nchi za mbali na Ikweta. Hata hivyo hesabu za luksi zinatuhusu. Mtu wa Lukozi Julai anaamka gizani, anabaki jikoni penye moshi na dirisha la ukubwa wa sahani lililozibwa kwa gunia, anatoka saa tatu akiona pamepambazuka vya kutosha. Nje, hata chini ya wingu, kuna luksi elfu kadhaa za bure kuanzia saa moja na nusu. Ndani hakuna mia. Chai ya tangawizi inayonywewa kibarazani na koti mwilini na mzula kichwani inampa mwili ishara kwamba kumekucha. Ile ile ikinywewa jikoni haimpi. Anayejenga au kuezeka upya aweke bati moja la kupitisha mwanga jikoni. Na mtu ambaye huzuni yake haiondoki hata Septemba jua linaporudi, huyo asipewe ushauri wa kuota jua. Apelekwe kituo cha afya. Milima hii ina hospitali ya magonjwa ya akili, Lutindi, tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Haipaswi kuwa aibu kwetu kuitumia.

Niseme kwa ukali kidogo juu ya jiko la mkaa. Baridi ya usiku huku hushuka hadi nyuzi joto 10 na pengine chini yake, na kuna nyumba zinazoingiza jiko chumbani, mlango ukafungwa, watoto wakalazwa kulizunguka. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina moshi, haiwashi macho. Anayeivuta anasikia kichwa kizito na usingizi, na kwa kuwa ni usiku anadhani ni usingizi wa kawaida. Jiko lipashe chumba mlango ukiwa wazi, kisha litoke nje kabla mtu wa mwisho hajalala. Hata likiwa limebaki makaa mekundu tu. Hasa likiwa limebaki makaa mekundu tu.

Taa zimebadilika sana tangu enzi za chemli na karabai. Nguzo za umeme wa REA zimefika mahali ambapo baba zetu hawakutegemea, na asiye na LUKU ana taa ya sola. Ila kila kipupwe nasikia kwamba sola "imechoka." Mara nyingi imepigwa mgongo na jua. Julai saa sita na nusu mchana jua haliko utosini. Limeinama upande wa kaskazini kwa nyuzi 25. Paneli iliyolazwa kwenye paa linaloelekea kusini, ambayo Desemba ilijaa hadi ikafurika, Julai inapata mwanga wa kiubavu, tena uliochujwa na ukungu. Igeuzeni ielekee kaskazini kuanzia Mei na kuifuta umande kila asubuhi. Kazi ya dakika kumi na ngazi.

Nimeacha soko mwisho kwa sababu ndiko pesa ilipo. Giza la Lukozi lina bei. Dalali anajua kwamba mama aliyetoka mbali na magunia yake ya karoti anataka kurudi kabla njia haijafunga. Saa nne asubuhi wanabishana kama watu sawa. Saa kumi na moja jioni, ukungu ukishateremka kutoka Magamba, mama anatazama juu, dalali anatazama saa, na bei inashuka bila mtu kuitaja. Ndipo pia lumbesa inapostawi. Gunia lililoshonewa kilemba juu, ambalo sheria ya vipimo imelikataza, mchana linaonekana na kila mtu. Kwenye giza ni gunia kama magunia mengine. Taa kubwa mbili juu ya sehemu ya kupimia na mzani unaosomeka zingemlipa mkulima haraka kuliko mbolea. Hilo liko ndani ya uwezo wa ushuru tunaotozwa pale pale sokoni, na Mheshimiwa Diwani amekaa hapa mbele.

Mtanijibu kwamba soko haliwezi kuwahi, kwa kuwa malori yanataka kufika Dar es Salaam usiku wa manane, na mkulima hawezi kuvuna gizani ili awahi asubuhi. La malori ni kweli, ratiba ya masoko ya Ilala na Mabibo hatuipangi sisi. La kuvuna nina neno nalo. Februari kabichi iliyokatwa jana jioni inanyauka kufikia adhuhuri ya leo, kwa hiyo tumezoea kukata asubuhi na kufika sokoni mchana. Tumeuchukua utaratibu wa jua kali tukaupeleka hadi kipupwe. Julai usiku wa Lukozi ni baridi kuliko chumba chochote cha kuhifadhia mboga ambacho ushirika ungeweza kukijenga hapa kwa pesa yake. Karoti ikioshwa saa kumi alasiri, ikaachwa ichuje maji na kufunikwa nyasi chini ya ukuta, asubuhi inang'aa. Kabichi vile vile, majani yake ya nje yakiachwa. Anayevuna jana yake anaweza kuwa sokoni saa tatu, akauza kabla ya saa nane, mzigo ukasubiri Fuso ukiwa mikononi mwa mnunuzi. Wakianza wachache dalali atangoja wengine jioni. Wakianza wengi, itabidi naye aamke mapema.